Uhakiki Kabla ya Kazi Kukamilika: Wachoraji wa Silly Symphonies, 1929–1939

Uhakiki, jinsi unavyofundishwa katika idara nyingi za fasihi, huanza pale kazi ya sanaa inapokwisha. Riwaya huchapishwa, tamthilia huigizwa, ndipo mhakiki anapoketi na kalamu yake. Anachokikuta ni kitu kilichokwisha kufungwa. Hawezi kukiongezea neno wala kukipunguzia. Hali hii imezoeleka mno hata imesahaulika kwamba ipo namna nyingine ya uhakiki, kongwe kuliko hii, ambayo huingia kazini mapema, udongo ungali mbichi. Katika fasihi simulizi fanani husahihishwa na hadhira yake papo kwa papo. Akiruka tukio, wazee humrudisha. Akirefusha, watoto husinzia naye hulazimika kufupisha. Kwa kuwa uhakiki wa aina hii aghalabu hauachi maandishi, ni vigumu kuuandikia historia.

Makala haya yanachunguza mfano mmoja ambapo uhakiki huo uliacha nyayo. Mfano wenyewe unatoka mbali na fasihi ya Kiswahili: ni mfululizo wa filamu fupi za katuni ulioitwa Silly Symphonies, uliotengenezwa Los Angeles, Marekani, kati ya 1929 na 1939, katika studio ya Walt Disney. Filamu zilikuwa 75, nyingi zikiwa za dakika saba au nane. Ni kweli kwamba jina la Disney siku hizi humfikirisha mtu juu ya kampuni kubwa ya biashara inayoimeza dunia. Mwaka 1929 mambo hayakuwa hivyo. Studio ya barabara ya Hyperion ilikuwa karakana huru, isiyomiliki jumba la sinema hata moja wala kuwa chini ya kampuni nyingine, ikiishi kwa fedha ambazo wasambazaji waliitanguliza filamu kwa filamu. Hoja inayojengwa hapa ni kwamba ubora wa mfululizo huo ulitokana kwa kiasi kikubwa na wachoraji kuhakikiana kabla filamu haijafungwa. Hata hivyo, uhakiki huo ulikuwa na mipaka miwili: ni nani aliyeruhusiwa kusema, na ni jina la nani lililoandikwa. Mipaka hiyo haikutoka nje ya utaratibu wenyewe. Ilikuwamo ndani yake tangu mwanzo.

Mwanzo wa karakana

Uhuru wa studio hiyo ulizaliwa na hasara. Mapema mwaka 1928 Disney alisafiri hadi New York kutafuta malipo bora zaidi kwa mfululizo wake wa sungura aliyeitwa Oswald. Huko alijulishwa kwamba mhusika huyo hakuwa mali yake kisheria, na kwamba msambazaji wake, Charles Mintz, alikuwa amekwisha kuwachukua wachoraji wake wengi kwa mikataba. Aliyebaki naye kati ya wale wakubwa alikuwa Ub Iwerks. Kutokana na mkasa huo Disney aliazimia kutofanya kazi tena na mhusika asiyemmiliki. Azimio hili hutajwa mara nyingi katika tawasifu na wasifu, lakini upande wake wa pili hautajwi sana: kuanzia hapo studio ilikuwa na watu wachache mno, wengine wakiwa wageni kabisa katika kazi hiyo, na wachache hao walilazimika kufundishana.

Kiangazi cha 1928 walifanya jaribio ambalo kwa mtazamo wa makala haya ni la kihistoria. Sehemu ya filamu ya Steamboat Willie ilipokuwa tayari, walitundika shuka na kuionyesha usiku, huku wao wenyewe wakitoa sauti nyuma ya shuka hilo. Kijana Wilfred Jackson alipuliza kinanda cha mdomo, Iwerks na wengine wakagonga sufuria na vyombo kwa kufuata mapigo, naye Roy Disney, kakake Walt, akaendesha mashine ya kuonyeshea. Hadhira ilikuwa wake zao. Inasimuliwa kwamba wake hao hawakuvutiwa hata kidogo, wakaendelea na mazungumzo yao. Lakini wachoraji walizunguka zamu kwa zamu kwenda mbele ya shuka kuitazama kazi yao kwa macho ya mtazamaji, na huko ndiko walikogundua kwamba sauti na mchoro vinaweza kushikana hata vikawa kitu kimoja. Mtunzi aliyetoka nyuma ya shuka akaenda kuketi mbele yake amekwisha kuwa mhakiki.

Iwerks na karatasi za usiku

Filamu ya kwanza ya mfululizo, The Skeleton Dance (1929), inaonyesha mifupa minne ikitoka makaburini usiku na kucheza ngoma. Wazo lilitoka kwa mwanamuziki Carl Stalling, aliyetaka mfululizo ambamo muziki ungetangulia na mchoro ukafuata, kinyume cha desturi. Karibu filamu yote ilichorwa na Iwerks peke yake. Wasambazaji waliiogopa, walitaka panya zaidi, si mifupa. Ilipopata nafasi ya kuonyeshwa, watazamaji waliipokea vizuri, na mfululizo ukasimama.

Ndani ya karakana, hata hivyo, ufa ulikuwa umekwisha kutokea. Disney alitaka Iwerks achore michoro mikuu tu ya kila mwendo, kisha wasaidizi wajaze michoro ya kati. Kwa njia hiyo kazi ingekwenda upesi. Iwerks alikataa. Kwake yeye mahadhi ya mwendo yalikaa katika michoro hiyo ya kati, na kumwachia mtu mwingine kuijaza kulikuwa sawa na mshairi kutunga vina na kumwachia jirani mizani. Zaidi ya hayo, Disney alikuwa na tabia ya kurudi studioni usiku na kubadilisha karatasi za vipimo, ambazo mchoraji alizitumia kuonyesha kila mchoro ukae kwa muda gani mbele ya kamera. Iwerks alifika asubuhi akakuta kazi yake imeguswa.

Januari 1930 Iwerks aliondoka kwenda kuanzisha studio yake, naye Stalling akaondoka katika kipindi hichohicho. Baadhi ya waandishi hulieleza jambo hili kama ugomvi wa fedha, na fedha zilikuwamo. Lakini kisa cha karatasi za usiku kinastahili kupewa uzito wake. Huenda mabadiliko ya Disney yalikuwa mazuri. Huenda filamu ilinufaika. Kilichokosekana ni mjadala. Kubadilisha kazi ya mwenzako gizani hakuwezi kuitwa uhakiki, hata kama mabadiliko yenyewe ni sahihi, kwa sababu mhakikiwa hakupewa sababu wala nafasi ya kujibu. Ni vigumu kuamini kwamba somo hili halikumwingia Disney, maana taratibu zilizofuata zote ziliuleta mjadala chumbani, mbele ya watu.

Penseli, jasho na ubao

Ugumu wa filamu ya katuni ni kwamba kosa huonekana likiwa limekwisha kugharimu. Filamu ya dakika saba, kwa kasi ya fremu 24 kwa sekunde, ina fremu 10,080. Katika utaratibu wa zamani mchoro wa penseli ulinakiliwa kwa wino kwenye karatasi angavu ya seluloidi, ukapakwa rangi, ukapigwa picha, ndipo mchoraji akauona ukitembea. Kufikia hapo hakuna aliyekuwa na moyo wala fedha za kurudia.

Mwanzoni mwa miaka ya 1930 studio ya Hyperion iliigeuza kuwa kanuni desturi ya kupiga picha michoro ya penseli yenyewe, ikiwa bado michafu, na kuitazama kwenye mashine ndogo kabla ya wino kugusa chochote. Hili liliitwa jaribio la penseli. Gharama yake ilikuwa filamu ya bei nafuu tu. Faida yake ilikuwa kubwa kupita kiasi: sasa mwendo ungeweza kusomwa kama rasimu inavyosomwa, kurudishwa, na kuchorwa upya.

Majaribio hayo yalitazamwa katika chumba kidogo kisicho na hewa, ambacho wachoraji walikiita chumba cha jasho. Jina hilo lilikuwa na maana mbili, na ya pili ndiyo iliyodumu hata studio ilipopata vyumba vyenye hewa safi. Mchoraji aliketi humo pamoja na mwelekezi wa filamu, wenzake na Disney mwenyewe, kazi yake ikaendeshwa mbele na nyuma huku kila mmoja akisema alichokiona. Inafaa kukumbukwa kwamba Disney alikuwa ameacha kuchora tangu katikati ya miaka ya 1920, na wengi wa vijana wake walimpita mbali kwa mkono. Nguvu yake ilikuwa ya mhariri: aliikumbuka kila filamu fremu kwa fremu, na aliweza kusimama akamwigiza mbweha au bata mpaka wachoraji wakamwona mhusika mwenyewe.

Chombo cha tatu kilikuwa ubao wa hadithi, ambao kwa kawaida hunasibishwa na Webb Smith wa kitengo cha hadithi. Badala ya kuandika muhtasari kwa maneno, michoro midogo ilibandikwa ubaoni kwa pini, mmoja baada ya mwingine, mpaka hadithi nzima ikaonekana kwa mtazamo mmoja. Hapa mhakiki wa fasihi anakutana na jambo la kumfikirisha. Hadithi iliyoandikwa kwa maneno humlazimisha msomaji kuifuata mstari kwa mstari, na mtunzi hodari aweza kuficha udhaifu wa msuko kwa ufasaha wa lugha. Ubaoni hakuna ufasaha wa kujifichia. Kila mtu aliyepita aliona mahali ambapo hadithi ilikuwa imelegea, na kwa kuwa mchoro ulishikwa na pini tu, kuuondoa hakukuwa kuharibu kazi ya mtu. Bila shaka iliuma vilevile.

Nguruwe watatu

Mei 1933 ilitolewa Three Little Pigs, iliyoelekezwa na Burt Gillett, mmoja wa wachoraji waliokuja kutoka New York mwaka 1929. Kabla ya kuchorwa, muhtasari wa hadithi ulisambazwa miongoni mwa wafanyakazi wa studio wakiombwa vichekesho na mapendekezo, kama ilivyokuwa desturi, na wachangiaji wa vichekesho vilivyokubaliwa walilipwa kiasi kidogo cha fedha. Matokeo yake ni filamu iliyojaa vitu vidogo vinavyotoka katika vichwa tofauti. Katika nyumba ya matofali ya nguruwe wa tatu, kwa mfano, imetundikwa ukutani picha ya baba yao: ni msururu wa soseji ndani ya fremu. Kejeli hiyo haina kazi yoyote katika msuko, wala hakuna mhusika anayeigeukia, lakini inaupa ulimwengu wa hadithi hofu ya kweli ambayo mbwa-mwitu mwenyewe hawezi kuileta.

Mafanikio makubwa zaidi yako katika uhusika. Nguruwe wale watatu wanafanana sura na umbo. Mavazi pekee ndiyo yanayowatenga. Hata hivyo mtazamaji hawachanganyi, kwa sababu kila mmoja anatembea, anageuka na kuogopa kwa namna yake. Katika filamu za katuni za miaka ya 1920 wahusika walitofautishwa kwa sura. Hapa walitofautishwa kwa tabia inayodhihirika katika mwendo. Fred Moore, aliyekuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, alichangia sana katika nguruwe hao, naye Norm Ferguson akamchora mbwa-mwitu. Kazi zao zilipitia chumba cha jasho, na mafunzo yaliyopatikana humo yalihama kutoka meza hadi meza. Mwaka uliofuata, katika Playful Pluto, filamu ya mfululizo ndugu wa Mickey, Ferguson alichora mbwa aliyenaswa na karatasi ya kunasia nzi, na onyesho hilo likawa kama kitabu cha kiada kwa wenzake. Ferguson hakuwa na mafunzo ya sanaa, na mistari yake ilikuwa michafu. Wenzake waliokuwa wachoraji bora zaidi walikaa chini wakaichambua kazi yake ili kujua ni kwa vipi mbwa yule alionekana akifikiri.

Umma ulipokea filamu hii kwa namna ambayo studio haikuitarajia. Wimbo wake, uliotungwa na Frank Churchill, uliimbwa kote Marekani wakati wa Mdororo Mkuu wa Uchumi, na wengi walimwona mbwa-mwitu kuwa ndiyo njaa iliyokuwa mlangoni.

Lakini filamu hiyohiyo ndiyo inayodhihirisha mpaka wa kwanza uliotajwa hapo juu. Katika onyesho moja mbwa-mwitu anakuja mlangoni amejifanya mchuuzi wa Kiyahudi, kwa pua ndefu, ndevu na lafudhi ya kukejeli. Adolf Hitler alikuwa ameshika madaraka Ujerumani Januari ya mwaka huohuo. Viongozi wa Kiyahudi Marekani walilalamika. Onyesho lilibaki, likaja kuchorwa upya baadaye, katika miaka ya 1940. Swali la kihakiki ni hili: kazi iliyopita mbele ya macho mengi kiasi kile, ubaoni, katika majaribio ya penseli na katika chumba cha jasho, iliwezaje kupita na kejeli hiyo? Jibu ni kwamba macho yalikuwa mengi lakini yalikuwa ya namna moja. Utaratibu wa Hyperion uliuliza iwapo kichekesho kinachekesha. Haukuwa na njia ya kuuliza kinamcheka nani, maana waliokuwamo chumbani walikuwa wakicheka wote.

Shule ya jioni

Mwaka 1932 Art Babbitt, mchoraji aliyetoka New York, alianza kuwaalika wenzake nyumbani kwake jioni kuchora mwanamitindo aliye hai. Waliokuja waliongezeka wiki hadi wiki. Disney alipopata habari aliona afadhali shughuli hiyo ifanyike studioni kuliko kuachwa iwe mada ya magazeti, na Novemba 1932 Don Graham, mwalimu wa Chouinard Art Institute, akaanza kufundisha hapo Hyperion.

Graham hakujua lolote kuhusu filamu za katuni. Wachoraji wale, kwa upande wao, walikuwa na mikono iliyozoea mikato ya haraka na hawakuwa na subira na anatomia. Miezi ya mwanzo ilikuwa ya kuvutana. Baadaye Graham aliingia katika majaribio ya penseli, akajifunza kutoka kwa wanafunzi wake tatizo lao halisi, ambalo halikuwa mwili uliotulia bali mwili unaohama. Ndipo yakazaliwa madarasa ya uchambuzi wa mwendo: filamu za waigizaji, za Charlie Chaplin zikiwamo, ziliendeshwa taratibu, fremu kwa fremu, na darasa likajadili uzito unakaa wapi mtu anapoinuka kitini. Desemba 1935 Disney alimwandikia Graham waraka mrefu akieleza sifa za mchoraji anayemtaka. Uwezo wa kuchora ulikuwa mojawapo tu. Zilikuwamo pia ujuzi wa maigizo, uelewa wa hadithi na hisia za watazamaji. Waraka huo unaweza kusomwa katika darasa lolote la nadharia ya uhakiki bila mwanafunzi kuhisi amepotea njia.

Athari ya madarasa inaonekana katika filamu zenyewe. The Tortoise and the Hare (1935) ilifuata ngano ya Aesop, si ile inayojulikana katika sehemu nyingi za Afrika ambamo kobe huwapanga jamaa zake njiani ili sungura amkute mbele kila anapofika. Kasi ya sungura wa filamu hiyo, hasa pale anapocheza tenisi na nafsi yake, haikuwa imewahi kuonekana kabla. Kwa upande mwingine, The Goddess of Spring (1934) ilishindwa. Mungu-mke wake ana mikono kama mpira na anacheza kana kwamba hana mifupa. Studio haikuificha filamu hiyo wala kuitetea. Iliitazama kama jaribio la penseli lililopanuliwa, ikajifunza kwamba haikuwa tayari kuchora mwili wa binadamu, na wachoraji wakarudi darasani. Bila aibu hiyo ya 1934 ni vigumu kuifikiria Snow White and the Seven Dwarfs ya Desemba 1937. The Old Mill (1937), iliyoelekezwa na yule Wilfred Jackson wa kinanda cha mdomo, haina msuko wa maana. Ni dhoruba ya usiku mmoja katika kinu kibovu. Ilikusudiwa kuipima kamera mpya iliyopiga picha tabaka kadhaa za michoro zilizopangwa kwa kina. Leo ndiyo filamu ya mfululizo inayosomeka kama shairi.

Waliokuwa nje ya chumba

Kila mchoro uliofika mbele ya kamera ulikuwa umepita mikononi mwa wanawake. Wao ndio waliokaa katika kitengo cha wino na rangi, wakinakili mistari ya wanaume kwa uangalifu ambao hauonekani kwa kuwa haukosei. Waliyaona maelfu ya michoro hiyo kwa ukaribu kuliko mtu yeyote. Hawakualikwa chumba cha jasho, na mafunzo ya uchoraji wa mwendo hayakuwa yao.

Bianca Majolie, aliyeajiriwa mwaka 1935, alikuwa mwanamke wa kwanza katika kitengo cha hadithi. Kwake mikutano ya ubaoni ilikuwa mateso. Desturi ya mikutano hiyo ilikuwa mtu kusimama, kupaza sauti, kuigiza hadithi yake kwa mbwembwe na kustahimili kelele za wenzake. Aliyeumbwa na upole alionekana hana hoja. Hata hivyo kwake ndiko ilikotoka Elmer Elephant (1936), hadithi ya mtoto wa tembo anayechekwa na wanyama wenzake kwa sababu ya mkonga wake, mpaka nyumba ya rafiki yake inapowaka moto na mkonga huohuo ukamwokoa. Mhakiki hana haja ya kunyoosha sana mkono kuufikia uhusiano kati ya hadithi hiyo na hali ya mwandishi wake. Filamu ilipendwa kwa upole wake, sifa iliyokuwa adimu katika mfululizo. Majolie aliachishwa kazi mwaka 1940.

Pana ithibati kwamba wakuu wa studio walitambua kuwa uhakiki wa ana kwa ana una kasoro. Wakati wa matayarisho ya Snow White wafanyakazi walionyeshwa kazi isiyokamilika, wakapewa hojaji wajaze bila kuandika majina. Husimuliwa kwamba mmoja wao alimshauri Disney abaki na filamu fupi tu, na kwamba kwa miaka mingi baadaye Disney alikuwa bado anakisia ni nani. Kisa hiki husimuliwa kama mzaha. Kinaonyesha pia kwamba penye mwajiri chumbani, neno la kweli lilihitaji kuvuliwa jina kwanza.

Jina kwenye skrini

Na jina ndilo lililokuwa mpaka wa pili. The Skeleton Dance ilimtaja Iwerks kuwa ndiye aliyeichora. Baada ya kuondoka kwake, kwa sehemu kubwa ya miaka ya 1930 filamu hizi zilibeba jina moja tu la mtu, la Walt Disney. Gillett, Moore, Ferguson, Babbitt, Jackson, Smith na Majolie hawakujulikana na umma uliowacheka na kuwalilia wahusika wao.

Utetezi wa desturi hiyo haukukosa mantiki. Kama kichekesho kimetoka kwa mmoja, kikaboreshwa na wa pili ubaoni, kikachorwa na wa tatu na kusahihishwa na wa nne chumbani, kitaandikwa kwa jina la nani? Utunzi wa pamoja unasumbua dhana ya mtunzi, jambo ambalo wataalamu wa fasihi simulizi wanalijua vyema. Lakini fanani wa jadi haandiki jina la mtu mmoja juu ya ngano ya wote na kuliuza. Studio ilifanya hivyo. Wachoraji walihakikiana kama washiriki wa kazi moja, wakalipwa kama vibarua wa jina la mwingine, na kwa muda fulani furaha ya kazi ilizidi uchungu wa hali hiyo.

Muda huo ulikwisha pamoja na mfululizo. Filamu ya mwisho, The Ugly Duckling, ilitolewa 1939. Kati ya 1939 na 1940 studio ilihamia majengo mapya Burbank, ambamo kila kitengo kilikuwa na upande wake na kupita mezani kwa mwenzako kukawa safari. Wafanyakazi walikuwa wamepita elfu moja. Vita vilikuwa vimefunga masoko ya Ulaya, Pinocchio na Fantasia za 1940 hazikurudisha gharama zake, na tofauti za mishahara zilikuwa siri iliyojulikana na wote. Miongoni mwa malalamiko ya wafanyakazi lilikuwamo suala la majina kwenye skrini. Mei 1941 Babbitt, yule aliyefungua nyumba yake kwa darasa la jioni na ambaye sasa alikuwa kiongozi wa chama cha wafanyakazi, alifukuzwa, na tarehe 29 Mei mgomo ulianza. Uliendelea kwa zaidi ya miezi miwili. Iwerks, ambaye studio yake haikudumu, alikuwa amerudi kwa Disney mwaka 1940, akafanya kazi ya ufundi wa kamera. Hakurudi katika uchoraji uliompa jina.

Waliotoka wakati wa mgomo hawakuuacha ubao. Stephen Bosustow, David Hilberman na Zachary Schwartz walianzisha mwaka 1943 studio ambayo baadaye ilijulikana kwa jina la UPA, na John Hubley, aliyekuwa kwa Disney tangu 1935, akawa miongoni mwa wasanii wake wakuu. Kampuni yake mwenyewe, aliyoianzisha mwaka 1953, Hubley aliiita Storyboard, yaani uleule ubao wa hadithi wa Hyperion. Yeye na mkewe Faith walitengeneza humo filamu fupi huru mwaka hadi mwaka. Moonbird (1959) ilianza na mazungumzo ya watoto wao wawili wakicheza, yaliyonaswa bila mswada wowote. Maneno mengine hayaeleweki, mengine yanakatika katikati. Wachoraji waliyaacha yalivyo, wakachora kwa kuyafuata.